Vigingi kwenye shamba la Mama Asnath

Brighton, nimejifungia ofisini. Nimehesabu mapigo ya moyo: 124 kwa dakika.

Leo nilifundisha kidato cha nne jinsi kisima cha mafuta kinavyojengwa. Unatoboa shimo pana, unashusha bomba la chuma, unajaza saruji kati ya bomba na mwamba, kisha unatoboa shimo jembamba zaidi kupitia humo. Hawakuelewa vipimo, nikawatoa nje tukapigilia vigingi na kuzungusha kamba.

Vigingi, Brighton. Kwenye shamba la mtu, hapa Munanila.

Saa nane mwenye shamba, Mama Asnath, kaingia darasani na wanaume sita wenye mapanga.

"Mwalimu, wenye mafuta wanakuja lini?"

Nikasema hapa hakuna mafuta, ni somo tu. Mmoja akacheka. "Hata kambi ya wakimbizi iliyochukua mashamba yetu ilianza na vigingi, mwalimu."

Mama akautazama mchoro wangu ubaoni. "Nyumba yangu iko wapi hapo?"

Kisima nimekichora hadi mita elfu tatu chini. Juu ya ardhi sikuchora kitu.

Hawaondoki mpaka nimwonyeshe. Nimewaambia nafuata rula. Wako mlangoni, na sijui hiyo nyumba niichore wapi.