Risasi Zilizokuwa Kwenye Boksi Lako

Papa yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa simu, nimekaa kwenye benchi hapa Flagey, huku ugenini. Ni kazi yangu ya kutunza wazee: mmoja nimemaliza kumwogesha, mwingine ananisubiri. Dada yangu mkubwa, Yaya Béatrice, amenipigia simu asubuhi: huli tena, na unasikia kidogo tu. Kadi yangu ya ukaazi bado iko komini, ofisi ya mtaa, siwezi kupanda ndege. Donc yeye atakusomea, kwa sikio la kushoto, polepole. Ee Bwana, mwachie Papa pumzi mpaka barua iishe.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaijaribu karabini yako ya vingt-deux, ile bunduki ndogo ya kuwindia, kule nyuma ya Likasi? Mimi natundika karatasi kwenye kichuguu, wewe unapiga risasi tano kwa mètres hamsini, halafu nakimbia kuangalia matundu. Yote matano nilikuwa nayafunika kwa kifuniko kimoja cha soda.

"Risasi ya polepole inajua njia," ulisema. "Ile ya mbio inapiga kelele tu, sawa pasta mugeni."

Tulicheka mpaka ukafuta machozi.

Bon. Wiki ya ndoa ya Béatrice ulinituma mjini kununua risasi za kuwindia kanga wa karamu. Za kwako zilikuwa zimeisha. Muuzaji akaniambia, "Beba hizi, maman, zinakimbia sawa umeme." Nilikuwa na haraka ya kwaya. Nikazichukua, na nikiogopa usije ukanirudisha mjini, nikazimimina kwenye boksi lako la zamani.

Hukuzijaribu kwenye karatasi, maana boksi lile uliliamini. Kanga wa kwanza ulimkosa. Wa pili ukamkosa. Wa tatu ulimvunja bawa, akakimbilia majanini. Mnyama uliyemuumiza hukuwa unamwacha, hata siku moja. Tulimtafuta mpaka jua likainama, hatukumwona. Ukakaa chini, ukanipa karabini.

"Marie, huu njo mwisho. Macho yangu imekufa. Sitaumiza tena viumbe vya Mungu."

Kwenye karamu wakwe walikuchokoza: "Papa mukwe, kanga wako anatusalimia kutoka majanini!" Ulicheka nao. Karabini hukuishika tena.

Papa, baada ya ndoa nilirudi kwenye kichuguu peke yangu. Risasi za mbio zilitawanyika upana wa kiganja. Ndani ya mfuko wako wa kuwindia, chini kabisa, nilikuta tatu za zamani: zote tatu zikaingia chini ya kifuniko cha soda. Hata kwa mkono wangu huu!

Nikakuficha. Miaka yote hii nimetubu, nimefunga, nimelia mbele ya madhabahu, kule na hapa. Mungu amenisamehe, naamini. Lakini si yeye aliyeacha kuwinda.

Macho yako hayakuwa yamekufa, Papa. Siku ile ulilenga vizuri, mara zote tatu. Aliyekosa ni mimi. Usiondoke ukifikiri vingine, nakusihi, nakusihi.

Kama umesikia, mfinye Béatrice kidole. Simu iko mkononi mwangu. Mzee wangu wa pili atanisubiri kidogo.

Binti yako, mtundika karatasi,
Marie