Sanduku la Vipimo la Mjane wa Mtoni

Bwana Mshauri, nakuandikia nikiwa ndani ya eda, nisaidie, maana wakwe wamenigeukia. Marehemu mume wangu, Mwinshehe, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na karakana yake imo uani kwetu, na humo kuna sanduku la vipimo, vipande vya chuma laini kama kioo, kila kimoja na unene wake, hupangwa pamoja kupata kipimo kamili, kimoja kikikosekana vingine havina kazi. Basi shemeji zangu wawili walikuja kugawana vitu, kanzu hii yako, kofia hii yangu, wakafika kwenye sanduku wakaanza kutenga vipande mafungu mafungu sakafuni kama tende, nikalia kwamba vikitawanyika, mimi na Ansbert, fundi aliyefanya kazi na marehemu, hatutafungua karakana tena, na binti yangu atakula nini? Shemeji Hija akasema, "Wewe uko eda, shemeji, kaa na tasbihi yako." Nikamwambia, "Eda nimekaa, macho sijafumba." Nikavizoa vyote, nikafunga sanduku, nikalikalia. Hakuna aliyethubutu kunigusa, mwanamke wa eda! Wakazunguka, wakakohoa, wakaondoka. Sasa wifi yangu Somoe anasema eda nimeifanya ngao, niombe radhi na sanduku nilitoe. Je, nimekosa?

Tabu, Mtoni

Bibi Tabu, umekosa, ndiyo: umeshinda vita halafu unaniandikia kwa unyonge! Pole kwa msiba, Mungu amrehemu fundi. Lakini radhi ya nini? Mabwana hao waliikumbuka eda ilipofaa kukunyamazisha, wakaiogopa ilipowazuia. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, wapiga chapa wakaacha kazi wakashangilia.

Sasa nisikilize. Shemeji zako wana haki katika mirathi, usiwadhulumu. Ila haki ya kurithi si ruhusa ya kuharibu. Nani hugawa cherehani, huyu sindano, yule gurudumu? Mpelekee Kadhi habari leo, umwombe sanduku lihesabiwe kitu kimoja, liingie katika fungu lako na la binti yako, na mashemeji wafidiwe kwa vitu vingine. Vipande vifute, uvipake mafuta, jasho la mikono ile lisivitie kutu. Ufunguo mpe Ansbert, kazi isilale. Somoe akija kudai radhi, mpe kahawa.

Eda ikiisha, ifungulie karakana mlango upande wa barabarani, utundike kibao chenye jina lako, herufi kubwa. Na Hija akileta chuma chake kikerezwe, mpokee vizuri, apange foleni kama wateja wengine.