Chupa Iliyofunikwa Kitambaa

Majengo, Moshi

Kwa dada yangu mpenzi Adija,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada. Natumaini kifua kimepoa na duka lako hapo Himo linakwenda vizuri. Huku sote hatujambo, mama anakusalimu sana. Sikutaka kupiga simu, maana simu yako siku hizi anapokea shemeji Yassin. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Kazi niliyopata chuoni ni ya kutunza viungo vya binadamu ambavyo wanafunzi wa udaktari hujifunzia. Vimehifadhiwa ndani ya chupa zenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza: mioyo, mapafu, hata vichanga waliozaliwa wafu. Fomalini inawasha macho, lakini nimezoea. Anayenielekeza ni mzee Sylvanus wa Marangu, mtu asiye na maneno mengi.

Unakumbuka Yassin ndiye aliyenileta na pikipiki siku ya kwanza. Alipomwona Sylvanus mlangoni, aligeuza akaondoka bila hata salamu. Mzee akaniuliza yule ni nani wangu. Nikamjibu ni mume wa dada yangu. Tangu hapo akabadilika. Chupa moja ya rafu ya nyuma akaifunika kitambaa. Nikitaka kuifuta vumbi, anasema ataifuta mwenyewe. Wanafunzi wakiisogelea, mimi natumwa maji. Nikaanza kumshuku. Unayajua maneno ya mtaani kuhusu viungo vya watu na waganga. Nikafikiri ana wateja wake, na Yassin ni mmojawao. Nikawa namchungulia hata anapokwenda kula.

Jumatatu alipoitwa ofisini, nikakifunua kile kitambaa. Ni kichanga wa kiume, amekunja ngumi, mgongo wake haukuziba kwa chini. Sylvanus alirudi akanikuta nimesimama palepale. Hakunigombeza. Alifunga mlango, akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakuficha usije ukaumia."

Dada, kaa kwanza. Mtoto wako uliyemzaa mwaka juzi hakuzikwa. Yassin alimleta mwenyewe kwa Sylvanus kutoka wodini. Alisema afadhali wanafunzi wajifunze, kwani majirani wakiuona mgongo ule wakati wa kumwosha watasema mengi. Mzee akamuuliza kama mama wa mtoto anajua. Yassin akajibu kwamba umekubali. Lile kaburi analokupeleka kuombea dua, sijui ni la nani.

Nimeongea na mkuu wa idara. Kasema ukitaka azikwe, utakabidhiwa. Ukitaka abaki afundishe, pia uamuzi ni wako. Ila Yassin usimwambie lolote kabla hujafika hapa. Simwamini tena.

Mama bado sijamwambia. Mzee Sylvanus ameitoa chupa rafuni, ameiweka kabatini peke yake. Jana aliniuliza mtoto anaitwa nani, maana pale ana namba tu. Nikamwambia mama yake anakuja kumtajia.

Mungu akupe subira, dada yangu. Nitakusubiri getini.

Mdogo wako,
Rukia