Mpira Niliomwachia Hamisi

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Lindi nzima hajatokea mpiga mpira wa wavu kama babu yako. Nikiruka, watazamaji walimaliza chai wakinisubiri nishuke. Bibi yako hajambo, anakuombea dua huko uliko Dodoma.

Unauliza nilichezea nchi au kampuni ya sabuni. Wallahi, hata leo sijui! Timu ni ya taifa, jezi imeandikwa sabuni, mashindano ni ya klabu. Tena klabu ya kigeni tuliyocheza nayo ilimsajili Hamisi, niliyekua naye Mchinga tukicheza upande mmoja.

Pointi ya mwisho, mpira ukanijia. Hamisi, ng'ambo ya wavu, akapaza sauti kama utotoni: "Acha, wangu huo!"

Nikauacha. Ukaanguka kwetu, tukafungwa. Bibi yako anaamini refa alituonea, usimwambie.