Magoti ya Bi Mkate na Leso ya Fundi Saa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijajiaibisha mtaani, kwani lile duka la sandwichi la Bi Mkate, jirani na chumba changu cha kushonea, linafungwa Ijumaa, anasema magoti yamechoka kusimama, na tangu nisikie habari hiyo kazi hainiendi, juzi nimeshona mikono yote miwili ya shati upande mmoja. Mimi ni mjane, na mchana hula pale na fundi saa wa mtaa wa nyuma, naye kafiwa na mkewe, na si kwamba tuna lolote, ila siku ya kwanza tuliingia mlangoni kwa pamoja, Bi Mkate akadhani tumefuatana, akatukatia sandwichi moja nusu kwa nusu, tukaona haya kumsahihisha, na miaka imepita tukila hivyo hivyo kwenye benchi la dirishani. Sandwichi yenyewe huwa na pilipili kwa sababu fundi saa anaipenda, mimi siiwezi, machozi hunitoka, naye hunipa leso yake bila kuuliza, nami huifua na kumrudishia kesho yake. Nimemsihi Bi Mkate asifunge, nikajitolea hata kumkandia unga, akaniambia, "Mwanangu, kama unayataka magoti haya, nikuazime." Sasa nafikiria kuwakusanya wateja tukae mlangoni mpaka abadili nia, lakini binti yangu ananicheka, ananiuliza, "Mama, kwani mikate haipo maduka mengine?" Je, nitakuwa nimekosea?

Mpenda Mikate

*

Mpenda Mikate (jina umejipa mwenyewe, mimi simo),

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiutafuta huo mkate, nikakuta leso tu. Bintiyo kauliza swali zuri, na wewe umelikwepa.

Pole, dada yangu. Mazoea yana tabu, na benchi lenye mtu wa kukusubiri si jambo dogo kwa mjane. Lakini Bi Mkate umwache. Mama wa watu amekulisheni miaka yote, leo unataka aendelee kusimama na magoti mabovu ili wewe usilazimike kufungua mdomo? Unapima viuno vya mtaa mzima bila haya, halafu neno moja kwa fundi saa linakushinda. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema.

Basi fanya hivi. Ijumaa nenda dukani ukamshukuru Bi Mkate, tena kwa adabu, na usithubutu kukaa mlangoni. Mwombe akuuzie mkate mzima, usiokatwa. Jumamosi mchana uchukue pamoja na kisu uende kwa fundi saa. Usijisingizie saa mbovu, hizo ni mbinu za watoto wa shule. Weka mkate mezani kwake, ukate nusu kwa nusu, umwambie, "Nimezoea kula na wewe, na sitaki kuacha." Akikataa, utalia, lakini leso si unayo?

Nusu yake mtilie pilipili. Yako usitie. Atashangaa kukuona umekula macho makavu, na akiuliza, mwambie ukweli, kwamba pilipili hujawahi kuipenda hata siku moja. Kisha unyamaze, umwache ajiulize mwenyewe ni kwa nini umeila miaka yote hiyo.