Nusu kwa Karani, nusu kwangu

Alhamisi, jioni. Mawingu yamelala juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Mwili mzito. Mkono wa kulia una malengelenge ya jembe, kwa hiyo naandika kwenye simu kwa kidole cha kushoto, mniwie radhi herufi zikiruka. Shule niliishia darasa la pili, lakini wako waliomaliza madarasa yote na hawaandiki hata barua.

Leo nimemzika Karani.

Kwa asiyemjua, Karani ni paka wangu. Miaka kumi na sita. Nilimwita hivyo kwa sababu tangu mdogo alikuwa anakaa juu ya gunia la juu kabisa stoo, anamtazama kila anayeingia na kila anayetoka, kama ndiye anayeandika. Enzi zile nilikuwa nanunua mahindi Mutuka na Bonga, stoo yangu hapa Maisaka inajaa mpaka kwenye bati. Wenzangu wote walilia panya. Mimi sikulia. Hakuna mtu Babati aliyekuwa na paka kama yule, na anayebisha aje.

Miezi hii ya karibuni alianza kunywa maji. Anamaliza bakuli, anaondoka, anarudi kunywa tena. Anakojoa hovyo, yeye aliyekuwa msafi kuliko watu. Akakonda, ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa. Nikamtazama nikasema, huu ugonjwa naujua. Ndivyo nilivyoanza mimi mwenyewe, kabla hawajanitoboa kidole hospitali na kuniambia nina sukari.

Sikumuuliza mtu.

Hapa lazima nieleze. Sisi tuliokulia kwenye ng'ombe huko Mbulu hatungojei daktari. Ng'ombe akiugua unamtazama jicho, unatazama kinyesi, unashika sikio kama lina joto, unakwenda duka la dawa za mifugo, unarudi unamchoma sindano mwenyewe. Uzito unaukadiria kwa macho. Dume kiasi hiki, ndama robo yake, mbuzi chini ya hapo. Nimeponya ng'ombe wengi kwa njia hiyo, wangu na wa majirani, na walikuwa wananifuata mimi, bwana mifugo wanamwacha amekaa ofisini. Basi nikapiga hesabu ya paka.

Nilichukua kidonge changu cha sukari, nikakivunja. Nusu nikameza. Nusu nikaisaga kwa kijiko, nikachanganya na mchuzi wa dagaa, akalamba. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Wiki mbili. Nilijisemea tunaumwa pamoja, basi tupone pamoja. Na niseme ukweli, nilijiona fundi.

Wiki ya pili akaanza kutapika. Nikasema dawa inafanya kazi, inatoa uchafu.

Neno hilo linanichoma leo.

Jumatatu hakusimama. Nikamweka kwenye kikapu, nikamfunika kwa kanga ya marehemu mke wangu, nikapanda bodaboda mpaka ofisi ya mifugo. Pale palikuwa na watu wa ndama na watu wa mbuzi. Mmoja akaniuliza, "Mzee, huyo anatoa lita ngapi?" Wakacheka wote. Nikamjibu kwamba huyu amelinda chakula kilichomlisha baba yake. Mdomo bado ninao, hata kama miguu imekwisha.

Afisa mifugo ni binti, umri wa wajukuu zangu. Akaniamkia vizuri, akamtoa Karani kwa mikono miwili, akambonyeza tumbo, akatazama fizi, akaivuta ngozi ya shingo ikabaki imesimama. Akauliza amepewa dawa gani. Nikasema hajapewa kitu. Akauliza tena. Nikakasirika, nikamwambia nilianza kutibu wanyama kabla mama yake hajazaliwa. Alikaa tu anampapasa Karani masikio, ananingoja.

Nikasema yote.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe babu, wiki hizo mbili ulikuwa unakunywa nini?"

"Nusu," nikamwambia.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinieleza kwamba paka mzee akinywa maji namna ile mara nyingi ni figo zimechoka, na kwamba dawa yangu mwilini inatolewa na figo hizo hizo. Alisema angekufa tu, lakini si hivi, na si haraka hivi. Akasema anaweza kumchoma sindano akalala, asiendelee kuumia. Nikamnyang'anya kikapu. Nikamwambia mimi siui mtu wa nyumbani kwangu.

Nikarudi naye. Siku tatu.

Alijificha nyuma ya pipa la maji, yeye ambaye hakuwahi kujificha. Nilimdondoshea uji mwembamba kwa kijiko, ukamtoka pembeni mwa mdomo. Kila nikimgusa analia, tena sauti si ya paka ninayemjua. Jumanne ningeweza kumrudisha. Jumatano ningeweza. Sikutaka yule binti anione nimeshindwa. Sababu ni hiyo, nyingine sina. Mnyama ameumia siku tatu kwa ajili ya kuulinda uso wangu.

Leo asubuhi nikamrudisha. Binti hakusema "nilikuambia." Alisema nimshike kichwa. Sasa, mimi nimechinja madume makubwa ya harusi, mkono haujawahi kutetemeka, na Mbulu kuna watu wanasimulia mpaka leo. Kichwa cha paka hakizidi ngumi yangu, lakini kwa mkono mmoja nilishindwa kukituliza. Nikashika kwa miwili. Alinitazama mara moja. Halafu shingo ikalegea kwenye viganja vyangu.

Nilimwambia binti nina mafua.

Si mafua.

Shimo nimelichimba mwenyewe nyuma ya stoo. Kidole cha mguu kina kidonda, kinatoa maji wiki ya pili sasa, nimekifunga kitambaa na soksi imelowa. Wapita njia walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, mzee mzima na jembe na paka. Wacha watazame. Kisha akaja Mama Zuhura mwenye duka jirani. Ndiye aliyekuwa ananiuzia dagaa, na kila siku ananitania kwamba paka anakula vizuri kuliko mwenye paka. Nikajiandaa kwa utani. Kumbe alikuwa amefunga duka, ameshika chupa ya chai. Akasimama pale kwenye udongo, akasema, "Pole sana Baba Yasinta. Pole na msiba."

Kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa na mtu.

Nilikaa chini palepale. Akaiona soksi, akauliza mguu umefanya nini. Nikamwambia nimejikwaa. Udongo wa Karani haujakauka na mimi bado nadanganya.

Yasinta ni binti yangu, yuko Dodoma. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili awe anajua naendeleaje. Leo nimerudi kusoma niliyoyaandika. Kila mahali mimi ni chuma. Wiki iliyopita nimeandika sukari imeshuka. Haijashuka, sijapima. Kliniki sijakanyaga tangu mahindi yavunwe. Macho yanaona ukungu. Nakunywa maji, naondoka, narudi kunywa tena, na leo mchana nilisimama na kikombe mkononi nikajiona nilivyo.

Maisha yangu yote nimejisifu kwamba sitibiwi na mtu, najitibu. Sasa nimeuona mkono ulivyotutibu sisi wawili, na mmoja yuko nyuma ya stoo.

Yasinta, ukisoma hapa usipige leo, sauti haipo. Piga kesho asubuhi. Nikikuambia sijambo, usikubali.