Rutuba ya Satwa

Satwa, Dubai

Kwa ndugu yangu mpenzi Famau,

Mpwa wako Muna sasa hivi amevaa helmeti ya babake, ikamshuka mpaka kidevuni, akagonga mlango, kisha akaugombeza mlango. Nimecheka peke yangu, ndipo nikashika kalamu.

Assalamu alaikum. U hali gani, na mama mguu wake waendeleaje? Sisi twamshukuru Mungu.

Nimesikia viza yako imetoka na wauliza uje na nini. Lile koti zito liache. Baridi imeshakwisha, na ikirudi, na ule ukungu wa asubuhi, koti la shemeji yako Yasir lipo. Sasa laingia joto. Nimekushonea mikono ya pamba, ya kuvaa toka kiganjani hadi begani, na kitambaa cha kuweka chini ya helmeti. Usukani wa baiskeli nimeuzungushia matambara, maana chuma chaunguza. Tairi usizijaze upepo sana, joto huzipasua. Cheni ipanguse mchanga kwanza, ndipo utie mafuta. Arbab, yaani tajiri mwenye duka, atakupa baiskeli ileile ya Yasir, ya kupelekea watu maji na mikate majumbani.

Lakini kuna neno moja sisi hatukulijua. Mwaka jana, mwezi wa nane, arbab alimwambia Yasir leo rutuba nyingi, khalas, basi, kaa ndani. Yasir akaja kula huku akicheka, ati arbab amekuwa mkulima, kwani hapa Satwa tumepanda muhogo? Akamaliza chai, akatoka. Kumbe rutuba kwa Waarabu ni unyevu wa hewani. Jasho halikauki, mwili wapikika ndani kwa ndani. Walimwokota kando ya baiskeli.

Famau, mwenyewe amenikataza kusema. Nyinyi huko aliwaambia amepandishwa cheo, yuko ofisini. Si kweli. Yuko hapa kitandani, figo zimeharibika, akisimama miguu yatetemeka. Arbab ametuachia chumba, lakini asema baiskeli isipopata mtu wetu, chumba atampa mwengine. Ndiyo maana umeitwa.

Barua hii mama usimsomee. Mimi nina matumaini, inshallah atapona, hata daktari hajakata tamaa. Na nataka sana uje, lakini uje ukijua. Ukiamua kubaki, mimi dadako Rukiya sitakulaumu, nitamwambia Yasir ni mimi niliyekuambia, tena nita... Yasir aniita, naona ajaribu kusimama peke yake na miguu yake...